Bangili za Mtoto wa Hirbadaw

Nilirudi Tumati ukweni kutoka Katesh mchana wa Jumamosi nikiwa na furaha zangu zote, mjinga mimi. Ndani ya Probox ya Yusuph, dereva wetu, nilikuwa nimepakata furushi la shuka nilizochaguliwa na dada Mwantumu dukani kwake, na njia nzima nilikuwa narudia maneno ya Kibarbaig chini kwa chini mpaka Yusuph akaniuliza kama nasali. Nikamwambia ndiyo, nasali. Kesho yake bibi wa mtoto tuliyetaka kumuasili alikuwa anakuja kutoka Hirbadaw pamoja na Hilary, afisa wa ustawi wa jamii, kutuona kwa mara ya mwisho kabla ya kwenda mahakamani. Bibi akiridhika, Udaweda angekuwa mwanetu, mimi na mume wangu Patriki, na tungeondoka naye kwenda Norwe tunakoishi na kufanya kazi. Asiporidhika, angerudi naye kwake.

Gari lilipokata kona ya zizi nilimwona. Alikuwa amekaa nje ya jiko la mama mkwe, amevaa gauni jipya la rangi ya waridi lenye riboni kiunoni, utadhani anakwenda Komunyo ya kwanza. Miaka mitano tu, miguu haifiki chini. Nikachungulia dirishani, nikamwita jina lake.

Mtoto alinitazama, kisha akapiga ukelele.

Nimesikia watoto wakilia maisha yangu yote, wa dada zangu na wa majirani, lakini sijawahi kusikia mtoto akilia kwa kuniogopa mimi. Alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta, akajifunika uso kwa mikono, na hapo ndipo nilipoiona mikono yenyewe. Ilikuwa mitupu. Zile bangili za shaba zilizokuwa zimejaa kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, zilizokuwa zikilia taratibu kila alipogeuka kitandani, hazikuwapo. Zilikuwa zimebaki alama nyekundu na mchubuko mmoja mbichi.

"Yusuph, usiondoke," nilisema, nikashuka.

Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kwa lugha yake kwamba ni mimi, nimerudi kama nilivyomwahidi. Akatoa kidole kimoja akanigusa shavu, akakiondoa haraka, akagusa tena. Halafu akauliza swali fupi. Nilidhani sikusikia vizuri. Akauliza tena, na safari hii nilisikia kila kitu.

"Anasema nini?" Patriki alikuwa ametokea nyuma ya nyumba, anafuta mikono kwa kitambaa.

Nilisimama nikamtazama mama mkwe wangu, Mama Verediana, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi.

"Nani amemvua mtoto bangili?"

"Hujanisalimia," alisema.

Kwetu hakuna hasira inayokuruhusu kuruka salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Pole na safari."

"Asante mama. Nani amemvua mtoto bangili?"

"Nimevua mimi." Alinijibu kwa Kiswahili, akiacha Kiiraqw chetu. Mama mkwe akitaka kuniweka mbali huongea nami kama mtu wa ofisini. "Na jina nimempa. Anaitwa Monica. Kesho padre akipita nitamwambia ambatize kabisa."

"Ana jina lake."

"Jina lile silitamki mimi nyumbani kwangu."

"Mama, kesho bibi yake anakuja!"

"Aje. Atamkuta mjukuu wake msafi, amevaa gauni, ameshiba. Anataka nini zaidi? Wewe Marieta, unajua majirani wanasema nini? Wanapita hapo njiani wananiuliza, Mama Patriki, siku hizi unafuga Mang'ati? Mimi! Mbele ya kaburi la mdogo wangu Bura waliyemuua! Na mtoto mwenyewe hata salamu hajui. Nimemwamkia mimi mkubwa ili nimfundishe, ananitolea macho tu."

"Hajui Kiswahili. Na wewe hujui lugha yake. Sasa nani anamtolea mwenzake macho?"

"Marieta!" Patriki alinikemea. "Unaongea na mama."

"Nimeshamsalimia," nilisema.

Nilijua nimevuka mpaka, na nilisikia raha kuuvuka. Mama mkwe aliweka mwiko juu ya ndoo, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa kazi ndefu. Lakini mimi nilikuwa namtazama Patriki, kwa sababu alipopaza sauti, mtoto alijipenyeza nyuma yangu akashika sketi yangu kwa nguvu. Wiki tatu tulizokaa hapo, Patriki ndiye aliyekuwa akimbeba begani kwenda kutazama ndama. Alikuwa akimcheka, akimvuta masikio. Leo anamkimbia.

Bangili za Wabarbaig hazivuliwi kama hizi zetu za dukani. Ni waya wa shaba unaozungushwa mkononi ukabana, na ukitaka kuuondoa kwa haraka inabidi uukate. Vidole vya mama mkwe vimepinda kwa miaka ya jembe. Hata mfuniko wa chupa ya mafuta hunipa mimi nimfungulie.

"Mama, ulikatia nini?"

"Kisu."

"Kisu hakikati shaba."

Akamtazama mwanawe, mara moja tu, na jicho hilo moja lilinitosha.

Niseme ukweli wangu: nilimpenda Patriki kwa mikono yake kabla sijajua hata jina lake. Basi letu liliharibika Dongobesh, abiria tukashuka tunanung'unika, na chini ya basi palikuwa na kijana anayeonekana mikono tu. Mikono mirefu, myeusi kwa grisi, inapapasa vyuma kwa upole kana kwamba vinaumia. Nilisimama pale nikaitazama mpaka basi likawaka, na alipotoka chini akanikuta bado nimesimama, akacheka. Mikono hiyo ndiyo iliyonishika Norwe kila nilipopoteza ujauzito. Hakuna sehemu ya mwili wangu isiyoijua.

"Ni wewe," nilisema.

Patriki alikunja kile kitambaa mara mbili, tatu. "Tuingie ndani tuongee."

"Ni wewe, Patriki?"

"Yusuph anasikia."

"Asikie! Umemshika mtoto ukamkata na plaizi? Nani alimshika ili asifurukute? Mama?"

"Hakuumia. Ni mchubuko mdogo tu, alijitikisa. Mari, nisikilize kwanza..."

"Unajua ameniuliza nini sasa hivi?"

"Nitajuaje? Mimi lugha hiyo siijui."

"Ameuliza nani amekufa."

Mama mkwe aligeuka.

"Mara ya mwisho kuvuliwa bangili," nilisema, "ni siku mama yake alipokufa. Walimvua akaambiwa mama hayupo tena. Matanga yalipoisha bibi yake akamvalisha hizi mpya kwa mkono wake. Basi mimi nimeondoka kwenda Katesh, nimelala huko usiku mmoja, na asubuhi ninyi mmemkamata mkamvua. Kwa lugha gani mlimweleza? Mtoto amekaa hapa tangu asubuhi akiamini nimekufa. Ndiyo maana ameniona akapiga kelele. Alidhani ameona maiti inatembea!"

Yusuph alikuwa ameinama anatazama tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Sikujua," Patriki alisema.

"Hukujua! Na nani alikukataza kujua?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kusimama. Kule Norwe, kila anayetaka kuasili mtoto wa nchi nyingine anawekwa darasani kwanza ajifunze utamaduni wa mtoto. Siku tuliyofika sisi, mwalimu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alitutazama rangi zetu akatabasamu. Akasema sisi hatuna haja ya somo hilo, mtoto anatoka kwetu, twende tu nyumbani mapema. Wazungu wakabaki wanafundishwa kukaanga maandazi. Patriki alicheka mpaka kituo cha basi. "Umeona? Tumefaulu bila kusoma." Nikamwambia, Patriki, huyu mtoto ni Mbarbaig, sisi ni Wairaqw, unajua nini juu ya watu wale zaidi ya kuwatukana Mang'ati? Akasema mtoto ni mtoto, sisi wote Watanzania, tujifunze nini? Halafu akanishika kiuno pale pale kwenye theluji, akaniingiza ndani ya koti lake, na mimi nikanyamaza. Nimenyamazishwa hivyo mara nyingi na sikuwahi kujuta, mpaka Jumamosi ile.

Nilijifunza peke yangu. Dada Mwantumu amekulia kwenye duka la baba yake pale Katesh, na wateja wao wakubwa ni akina mama wa Kibarbaig wanaokuja kununua shuka na shanga, kwa hiyo lugha ile anaiongea kama ya kwao. Kila Jumapili nilimpigia simu anifundishe. Nilimsihi Patriki akae nami jikoni asikilize japo kidogo. Alikuwa anatazama mpira.

"Zile bangili ziko wapi?" niliuliza.

"Mari, hizo tutanunua nyingine. Rafiki yako wa Katesh si anauza? Tumpigie alete kesho asubuhi, tumvalishe kabla bibi hajafika."

"Ziko wapi?"

"Nimezitupa chooni."

Nilikaa chini. Udaweda akakaa nami, akaegemea ubavu wangu, na nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio.

"Bibi yake haoni vizuri," Patriki aliendelea. Alikuwa ameshachuchumaa mbele yangu, sauti ameishusha, ile sauti yake ya usiku. "Ana mtoto wa jicho, wewe mwenyewe umesema. Tukimvalisha nyingine hatajua. Au tuseme zilikuwa zinambana mkono, hospitali wakashauri zikatwe. Hilary atakubali. Ni neno moja tu, mke wangu. Tusipoteze mtoto kwa ajili ya waya."

"Unakumbuka yule bibi alisema nini alipotukubalia?"

"Alisema mengi."

"Alisema moja. Alisema mpelekeni mnakotaka, ila akirudi nimtambue. Haoni, Patriki! Anamtambua kwa kumpapasa mikono. Kila bangili anaijua ilipoanzia na ilipoishia, amezizungusha mwenyewe. Na wewe unataka tumpelekee mkono wa uongo?"

Alifumba macho. Nilimwona anavyohangaika, na Mungu wangu, bado nilitaka kumshika kichwa nikiweke mapajani mwangu. Nilijichukia kwa hilo.

"Sauti yake," alisema.

"Sauti gani?"

"Ya bangili. Usiku. Akigeuka kitandani." Alimtazama mama yake kama anayeomba ruhusa, na mama mkwe akatazama pembeni. "Siku mjomba Bura alipouawa, mimi nilikuwa naye malishoni. Hukuwahi kuambiwa hilo. Alinisukuma kwenye kichaka akaniambia nisitoke. Sikuona kitu. Nilisikia tu ng'ombe wanaswagwa, na bangili. Wanapita karibu yangu, zinagongana. Wiki tatu hizi sijalala, Mari. Kila akigeuka nasikia wanapita. Leo asubuhi alikuwa anacheza mlangoni, zinalia, zinalia, nikachukua plaizi. Sikupanga."

Mama mkwe alianza kulia bila sauti, akaenda kusimama nyuma ya jiko ambako hatumwoni. Bura alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni.

Nilimhurumia Patriki. Nataka ijulikane kwamba nilimhurumia, kwa sababu baadaye dada zake walisema nina moyo wa jiwe. Niliona mtoto mdogo kichakani ameziba masikio, na mtoto huyo nilimpenda pia. Lakini hasira haikuondoka. Ilizidi.

"Miaka kumi tumelala kitanda kimoja," nilisema. "Nimekuuliza mara ngapi? Nilikuuliza, Patriki, una neno lolote na watu wale? Ukasema huna. Nikakuuliza tena siku tunapanda ndege. Ukaniambia nisitafute maneno. Ungeniambia hili, ningekungoja. Tungengoja mwaka, miaka miwili. Tungelia wote. Kumbe umeliweka moyoni ukaja kulitoa kwenye mkono wa mtoto?"

"Niliona aibu."

"Huyu ana miaka mitano. Mjomba Bura alizikwa kabla mama yake huyu hajazaliwa. Alikuwa anacheza mlangoni tu!"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeniambia tudanganye."

Nilisimama nikamvua Udaweda lile gauni la waridi, nikamfunga shuka mpya, na nikaingia ndani kuchukua begi lake. Patriki alinifuata mpaka mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Hirbadaw."

"Leo? Bibi si anakuja kesho?"

"Anakuja akidhani atashika bangili. Siwezi kumngoja hapa avuke njia yote ile na umri wake, aje apapase mkono mtupu mbele ya watu. Atasikia leo, kwake, kutoka kinywani mwangu."

"Atamchukua."

"Huenda."

"Mari, hatutapata mtoto mwingine. Unajua. Daktari alisema. Ukimpeleka leo, umemrudisha."

Nilikuwa najua kuliko yeye, kwa kuwa ni mwili wangu uliokuwa ukipoteza. Nilifunga zipu ya begi. Ilikwama katikati, na kwa miaka kumi ningemwita yeye anitolee. Niliiacha hivyo hivyo.

"Basi nakuja nawe," alisema. "Mimi ndiye niliyekata. Nitamwambia bibi mwenyewe, uso kwa uso."

"Kwa lugha gani, Patriki?"

Alitutangulia kwenye gari. Nilimuaga mama mkwe kule nyuma ya jiko. Hakunitazama, ila aliniwekea kwenye mkono chupa ya maziwa mgando aliyokuwa ameifunga vizuri kwa kitambaa, akasema kwa Kiiraqw kwamba njia ni ndefu, mtoto atasikia njaa. Nikasema asante mama. Lilikuwa jambo la kwanza alilofanya siku ile ambalo sikuweza kulikasirikia.

Niliingia kiti cha nyuma na Udaweda. Patriki alikuwa ameshakaa mbele karibu na Yusuph, amenyooka, mikono juu ya magoti. Aligeuka akamtazama mtoto. Najua alitaka kutabasamu. Mtoto aliona anavyogeuka, na haraka, kabla sijaelewa anafanya nini, akaiingiza mikono yake yote miwili ndani ya kitenge nilichojifunga juu ya sketi, ndani kabisa, akaibana tumboni mwangu ili isionekane.

Patriki aliona. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sijawahi kuiona, hata tulipokuwa tunatoka hospitali mikono mitupu.

"Shuka," nilisema.

"Mari."

"Mimi nitakusamehe. Nakujua na najijua, pengine nitakusamehe kabla hatujafika Dongobesh. Lakini huyu hajakusamehe, na sitamsafirisha njia nzima akiwa amejificha. Shuka."

Alishuka. Alifunga mlango polepole, akazunguka mpaka dirishani kwangu, akainama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Yusuph aliwasha gari kwa aibu.

"Nifundishe," Patriki alisema. "Neno moja tu. Nimwambieje kwamba hakuna aliyekufa? Nifundishe nimwambie sasa hivi, Mari, halafu uende."

Nililijua neno hilo. Dada Mwantumu alinifundisha Jumapili moja ya theluji, mimi nimesimama jikoni na simu begani, na nililirudia kwa sauti mara nyingi mpaka Patriki, sebuleni, akaniomba nipunguze makelele asikie mpira. Nilimtazama mume wangu nimpendaye. Mdomo wake ulikuwa wazi, tayari kulipokea.

"Twende, Yusuph," nilisema.

Tulipopita zizi nilimwinamia mtoto, nikamwambia mimi mwenyewe. Hakuna aliyekufa. Akageuka akatazama nyuma, akauliza kwa nini basi yule baba analia.